Babu alikaa wapi? Swali linaloamua uraia wa wajukuu wa Midia

MIDIA, Koboko

Kuna swali ambalo kijana wa Midia hujifunza kulijibu mapema kuliko mwenzake wa Kampala au Jinja. Si "unaitwa nani", wala si "unakaa wapi". Ni hili: "Babu yako alikuwa mtu wa wapi?"

Huulizwa anapoandikishwa ili apate kitambulisho cha taifa. Huulizwa tena anapoomba pasipoti. Mtoto wa Kampala aweza kulijibu kwa neno moja. Wa Midia aweza kuhitaji asubuhi nzima, kwa sababu babu yake alizaliwa upande huu, akaoa upande ule, akakimbia vita kwenda upande wa tatu, kisha akarudi kuzikwa nyumbani.

Midia ni kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda, katika eneo la West Nile. Mpaka mwaka 2005 Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua. Barabara ya lami inayotoka Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, hupita Arua na Koboko na kuishia Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini. Wilaya hii ndiyo yenye Salia Musala, mahali ambapo nchi tatu zinakutana. Sokoni Koboko mtu husikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili kabla hajamaliza kununua nyanya. Wakakwa wenyewe wako Koboko, wako Yei nchini Sudan Kusini, na wako katika eneo la Aru nchini Kongo. Ni ukoo mmoja, mahari moja, misiba mmoja, na serikali tatu.

Kwa watu wa namna hii, uraia wa mtoto hauthibitishwi kwa kutazama mahali alipolala jana. Huthibitishwa kwa kurudi nyuma, mpaka kwa babu na bibi.

Katiba inavyosema

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 10, inataja njia mbili za kuwa raia wa kuzaliwa.

Ya kwanza ni ya mtu aliyezaliwa Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, ni au alikuwa mtu wa jamii ya asili iliyokuwapo na kukaa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii hizo zimeorodheshwa katika Jedwali la Tatu la Katiba.

Ya pili ni ya mtu aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, alikuwa raia wa Uganda wa kuzaliwa siku mtu huyo alipozaliwa.

Njia hizi mbili hufanana, na wengi huzichanganya. Tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza inadai mambo mawili: uzaliwe Uganda, na mzee wako awe wa jamii iliyo katika orodha. Ya pili haijali ulizaliwa wapi. Yaweza kuwa Yei, Aru, Khartoum au London. Inachodai ni kwamba mzee wako awe raia wa kuzaliwa.

Katika njia zote mbili sheria haisemi "baba" wala "babu mzaa baba". Inasema mmoja wa wazazi, au wa babu na bibi. Kila mtoto ana wazazi wawili, na ana babu na bibi wanne. Mmoja tu kati ya hao sita akitimiza sharti, inatosha. Jambo hili ni zito katika nchi ambayo ukoo hufuata baba. Mama wa Koboko aliyezaa na mwanamume wa Sudan Kusini au wa Kongo mara nyingi huambiwa na majirani kwamba mtoto ni "wa kwa baba yake". Kimila hilo laweza kuwa na maana yake, lakini Katiba haikulisema. Bibi mzaa mama ana uzito ule ule wa babu mzaa baba.

Kwa nini 1926?

Msomaji aweza kujiuliza kwa nini Uganda haikuchagua tarehe 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru wake, ikarudi nyuma miaka 36 mpaka siku ambayo hakuna sherehe inayoikumbuka. Jibu ni ramani. Tarehe 1 Februari 1926 ndipo mpaka mpya kati ya Uganda na Kenya ulipoanza kutumika, baada ya jimbo la Rudolf, upande wa Turkana, kutolewa Uganda na kutiwa Kenya. Tangu hapo umbo la Uganda limebaki kama lilivyo sasa. Mwaka 2026 tarehe hiyo inatimiza miaka 100.

Kwa watu wa Koboko, mwaka 1926 haukuwa mbali na siku walipoingizwa Uganda. Mwaka 1894 eneo la Lado, lililojumuisha nchi hii, lilikabidhiwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ili alitawale muda wote wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka 1910 Lado ikarudishwa kwa watawala wa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini, ambayo leo ni West Nile, ikahamishiwa Uganda. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Koboko mwaka 1905 na hakuwahi kuhama kijiji alikuwa chini ya Leopold akiwa mtoto mchanga, chini ya Sudan alipofika miaka mitano, na chini ya Uganda alipofika tisa. Hakuvuka mpaka hata mara moja. Mipaka ndiyo iliyomvuka.

Orodha ya jamii za asili nayo ina historia yake. Mwaka 1995 ilikuwa na jamii 56. Wakakwa walikuwamo, Walugbara walikuwamo, na Wanubi pia, ambao chimbuko lao katika Uganda ni askari wa Emin Pasha waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891. Lakini Waaringa wa Yumbe, majirani wa karibu wa Koboko, hawakutajwa kwa jina lao. Waliongezwa katika marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, pamoja na jamii nyingine nane, na orodha ikafika 65. Wamaragoli wa Kiryandongo, ambao wazee wao walitoka upande wa Kenya, wamepigania kwa miaka mingi waandikwe humo. Jina lisipokuwa katika Jedwali, njia ya kwanza imefungwa, hata kama mtu, baba yake na babu yake wote walizaliwa Uganda.

Nchi tatu, miaka mitatu

Mtu akisimama Salia Musala, hatua chache kila upande zinambadilishia mwaka wa kupimiwa.

Uganda inauliza wazee wako walikuwa wapi mwaka 1926.

Sudan Kusini, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 2011, inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mzazi wake, babu au bibi yake, au hata mzazi wa babu au bibi yake, kwa upande wa kiume au wa kike, alizaliwa katika ardhi ya Sudan Kusini. Inamhesabu pia mtu wa jamii yoyote ya asili ya nchi hiyo. Sheria hiyo hiyo inawatazama walioweka makazi huko tangu 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sheria yake ya Novemba 2004, inasema Mkongo wa asili ni mtu wa kabila ambalo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya Kongo siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

Hivyo miaka inayotafutwa ni 1926, 1956 na 1960. Familia moja ya Wakakwa yaweza kuwa na jibu la kweli kwa maswali yote matatu, na hilo si udanganyifu, kwa kuwa ndiyo historia yake. Ila nchi hizi hazilipokei jibu hilo kwa namna moja. Sudan Kusini inaruhusu uraia wa nchi mbili. Uganda imeuruhusu kwa sheria ya mwaka 2009, kwa masharti na kwa kuomba. Kongo inasema uraia wake ni mmoja na haushikwi pamoja na mwingine. Mzazi anayemwandikisha mtoto upande mmoja kwa haraka, kwa sababu ndiko kuliko na shule au dawa siku hiyo, ni vema ajue kwamba karatasi hiyo itasomwa tena miaka ishirini baadaye.

Familia moja, vipengele viwili

Ili sheria ieleweke, chukua mfano wa familia moja. Haina jina hapa, kwa kuwa familia nyingi za Midia zitaiona kuwa ni yao.

Bibi alizaliwa Midia mwaka 1945, na wazazi wake walikuwa Wakakwa wa hapo hapo. Aprili 1979 serikali ya Idi Amin iliangushwa. Amin mwenyewe alihesabiwa kuwa mtu wa Koboko, na watu wa West Nile walibebeshwa lawama ya utawala wake wote. Mwaka 1980 mapigano na ulipizaji kisasi wa wanajeshi ulipofika, maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Sudan na Zaire. Bibi alikuwa mmoja wao. Mwaka 1983, katika makazi ya wakimbizi upande wa Yei, alimzaa binti. Mwaka 1986 vita vya Sudan vilipoyafikia makazi hayo, wakarudi Midia kwa miguu.

Binti alikua, akaolewa Yei na Mkakwa wa huko, raia wa Sudan Kusini. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Yei mwaka 2008. Julai 2016 vita viliporipuka upya, binti alikimbia na mtoto wake kuja kwa mama yake. Mwaka 2018 alijifungua mtoto wa pili, Koboko.

Sheria inawaonaje? Bibi ni raia wa kuzaliwa kwa njia ya kwanza: alizaliwa Uganda, na wazazi wake ni wa jamii iliyo katika orodha. Binti alizaliwa nje, kwa hiyo njia ya kwanza haimfai. Lakini njia ya pili inamfaa, kwa kuwa mama yake alikuwa raia wa kuzaliwa. Kukaa kwake katika makazi ya wakimbizi nchini Sudan hakukumvua uraia, kwa kuwa mtu hapotezi nchi yake kwa kuikimbia. Mtoto wa kwanza, aliyezaliwa Yei, naye ni raia kwa njia ya pili, kupitia mama yake na kupitia bibi. Mtoto wa pili anazo njia zote mbili.

Kwenye karatasi ni wepesi. Ugumu uko katika kuthibitisha. Haki ya mtoto wa kwanza imesimama juu ya mama, na mama amesimama juu ya bibi. Mama hana cheti cha kuzaliwa, kwa sababu mwaka 1983 makambini hakukuwa na msajili wa Uganda. Bibi hana cheti, kwa sababu mwaka 1945 kijijini hakuna aliyeandika. Bibi akifariki kabla hajasema mbele ya watu huyu ni mwanangu na hawa ni wajukuu wangu, haki haifi. Ushahidi ndio unaozikwa pamoja naye.

Neno linalofungua na kufunga

Neno "babu na bibi" halimo katika ibara ya 10 peke yake. Limo pia katika ibara ya 12, na huko linafanya kazi nyingine kabisa.

Ibara ya 12 inahusu uraia wa kuandikishwa. Inampa haki hiyo mtu aliyezaliwa Uganda na kukaa humo mfululizo tangu 9 Oktoba 1962, ikiwa siku alipozaliwa wazazi wake na babu na bibi zake hawakuwa na hadhi ya ubalozi, wala hakuna kati yao aliyekuwa mkimbizi nchini Uganda. Katika ibara ya 10, babu mmoja anatosha kumfungulia mjukuu mlango. Katika ibara ya 12, babu mmoja aliyekuwa mkimbizi anatosha kuufunga.

Hili linagusa watu wengi hapa. Koboko imepokea wakimbizi kizazi baada ya kizazi. Miaka ya 1990 walikuja Wasudani. Tangu 2013 Wakongo wamekaa katika makazi ya Lobule, ndani ya wilaya hii. Agosti 2016 ilifunguliwa Bidibidi, katika wilaya jirani ya Yumbe, ikajaa watu zaidi ya 200,000 katika muda wa miezi michache, wengi wao kutoka upande wa Yei. Watoto waliozaliwa katika makazi hayo waweza kupata cheti cha kuzaliwa cha Uganda. Lakini cheti cha kuzaliwa kinasema mtoto alizaliwa wapi na kwa nani. Hakisemi kuwa ni raia. Wazazi wengi hulijua hilo siku ya kuhitaji kitambulisho.

Kwa mkimbizi asiye na mzee yeyote wa Uganda, njia inayobaki ni uraia wa tajnisi, unaodai jumla ya miaka 20 ya ukaazi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ilisema mkimbizi aweza kuomba kwa njia hiyo, ingawa ile ya kuandikishwa imemfungia. Kuomba ni jambo moja, na kupewa ni jambo jingine. Jirani Tanzania ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2014 ilianza kuwapa vyeti vya uraia wakimbizi wa zamani wa Burundi zaidi ya 162,000, watu wa mwaka 1972 na vizazi vyao.

Kuna kundi la katikati, na ndilo lenye mashaka zaidi. Ni familia kama ile ya mfano. Mwaka 2016 mama anavuka mpaka akiwa na mtoto mgongoni, pamoja na maelfu ya wengine. Wanapangwa foleni moja, wanachukuliwa alama za vidole, wanapewa chakula. Hakuna anayeuliza kuhusu bibi wa Midia. Tangu hapo mtoto ni mgeni katika daftari moja na mwenyeji katika kijiji cha bibi yake. Kisheria raia hawezi kuwa mkimbizi katika nchi yake, na ibara ya 10 haisemi lolote kuhusu ukimbizi. Lakini afisa anayeona jina lile lile katika daftari la wakimbizi ana sababu ya kusimamisha fomu na kuuliza.

Kaskazini mwa Kenya jambo hili lilikwisha kuumiza watu. Wakati wa ukame, Wakenya wenye asili ya Kisomali walijiandikisha Dadaab ili wapate mgao wa chakula. Miaka ilipopita watoto wao walifika miaka 18, wakaomba vitambulisho, na mashine zikajibu kuwa ni wakimbizi. Maelfu yao walikaa miaka mingi bila karatasi ya nchi yoyote. Mgao wa mwezi mmoja uliwagharimu ujana.

Mezani kwa mwandikishaji

Kitambulisho hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Utambulisho na Usajili, NIRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Kabla yake, mwaka 2014, palikuwa na uandikishaji mkubwa wa kwanza wa nchi nzima, na kamati za ngazi ya parishi zilikaa kuthibitisha nani ni raia. Mwaka 2025, kuanzia mwishoni mwa Mei, kazi ilianza upya: kubadilisha kadi zilizokwisha muda na kuandikisha wasiokuwamo.

Fomu inauliza ukoo, kabila na mahali pa asili, pamoja na habari za baba na mama. Mwenyekiti wa LC1 anatia mhuri kuwa anamjua mwombaji. Katika wilaya za mpakani, maswali huwa marefu zaidi. Huulizwa jina la mkuu wa ukoo, mahali kaburi la babu lilipo, na jina la kijito kinachogawa shamba lao na la jirani.

Maafisa nao wana hoja. Kikakwa cha Koboko na cha Yei ni kimoja, majina ni yale yale, na Mkakwa wa ng'ambo ajifunzapo jina la kijito aweza kulitaja vizuri kuliko kijana wa Midia aliyesomea Arua. Ndiyo maana maneno matupu hayatoshi, na kipande chochote cha karatasi cha zamani kina thamani kuliko kinavyoonekana.

Karatasi hizo zipo, ila watu hawajui kuwa ni mali. Tiketi ya kodi ya kichwa, ambayo wanaume walilipa kila mwaka mpaka ilipoondolewa mwaka 2005, ilionyesha jina na mahali mlipaji alipohesabiwa. Cheti cha ubatizo hutaja wazazi, na vitabu vya parokia huhifadhi hata kile ambacho familia imepoteza. Barua ya kuachishwa jeshi la King's African Rifles ipo katika masanduku ya familia kadhaa, maana West Nile ilitoa askari wengi. Wanaume wengine walikwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, wakarudi na karatasi za ajira. Ripoti ya shule ya msingi ya mwaka 1960 na kitu, hukumu ya zamani ya mahakama ya kijiji kuhusu mpaka wa shamba, picha ya arusi yenye tarehe nyuma yake: vyote hivi humweka mzee mahali fulani katika mwaka fulani.

Nyingi ziliungua mwaka 1980. Nyingine ziliachwa ng'ambo mwaka 1986. Zilizobaki zimeliwa na mchwa, au zimefungiwa karanga.

Anachokosa asiye na namba

Kwa aliyekuwa akiishi kwa shamba lake, jambo hili lilionekana la wasomi. Sasa sivyo. Bila namba ya utambulisho wa taifa mtu hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana njia ya kupokea fedha za simu. Hawezi kuingia katika mpango wa maendeleo wa parishi, PDM, ulioanzishwa mwaka 2022, unaokopesha kaya shilingi milioni 1. Mzee aliyetimiza miaka 80 hawezi kupata shilingi 25,000 za kila mwezi za wazee. Kijana hawezi kupiga kura wala kupata pasipoti.

Wala hawezi kufaidi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hapa ndipo jambo la Midia linapokuwa la wote. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu kwenda, kufanya kazi na kuweka makazi katika nchi wanachama. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo kwa kitambulisho tu. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo pembe zote tatu za Salia Musala sasa ziko ndani ya nyumba moja. Lakini Jumuiya haina uraia wake yenyewe. Mtu huwa Mwafrika Mashariki kwa kuwa kwanza ni raia wa nchi mwanachama. Asiyeweza kuthibitisha babu yake alikaa wapi, hana pa kuanzia.

Nchi jirani zimeonyesha kuwa ugumu huu una dawa. Kenya iliwatambua Wamakonde wa pwani baada ya matembezi yao ya kwenda Nairobi mwaka 2016, ikawapa uraia Washona Desemba 2020, na mwaka 2023 ikawatambua Wapemba wa Kilifi na Kwale. Wanubi wa Kenya, ndugu wa Wanubi wa Arua na Koboko, walipeleka kilio cha watoto wao mbele ya kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto. Machi 2011 kamati iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekosea kuwaacha watoto hao wakikua bila uhakika wa uraia wao. Februari 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kufuta uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa vijana wa mikoa ya mipakani. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Februari 2024 itifaki juu ya haki ya kuwa na uraia. Nchi za Jumuiya bado hazijaketi pamoja kuilinganisha miaka yao mitatu, 1926, 1956 na 1960, ili mtoto wa mpakani asidondoke katikati yake.

Kazi ya nyumbani

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna kazi ambayo haihitaji bunge wala mkutano wa marais.

Kwanza ni kuandikisha watoto wanapozaliwa, na kuhakikisha majina ya mama na baba yameandikwa sawasawa na yalivyo katika vitambulisho vyao. Herufi moja iliyokosewa hukata mnyororo wa vizazi vitatu.

Pili ni kumwandikisha mzee kwanza. Familia nyingi hukimbilia kijana kwa sababu anataka kazi, zikamwacha bibi kwa kuwa hana safari. Kumbe bibi akiwa na namba, binti yake ana pa kuegemea, na wajukuu vilevile.

Tatu ni kusema ukweli wote. Aliyezaliwa Yei aseme Yei. Wapo wanaomwandika mtoto kuwa alizaliwa Koboko wakidhani wanamsaidia. Njia ya pili ilikuwa haki yake halali bila uongo wowote, nao wanamtia katika uongo utakaogunduliwa siku rekodi ya chanjo ya Yei itakapotokea. Vivyo hivyo kwa aliyewahi kuandikishwa kuwa mkimbizi: ni salama kulieleza mapema, pamoja na ushahidi wa bibi, kuliko kungoja mashine iseme.

Nne ni kumwandika mzee angali hai. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Kinachotakiwa ni majina ya wazazi wake na ya ukoo, kijiji, makaburi yalipo, mwaka wa kukimbia na wa kurudi, na watoto wake wote na mahali alipomzalia kila mmoja. Asome au asomewe mbele ya mwenyekiti wa LC1 na wazee wawili wa jirani, watie saini au dole gumba. Daftari hilo si kitambulisho, na hakuna afisa anayelazimika kulikubali peke yake. Lakini siku swali litakapoulizwa, mjukuu atakuwa na zaidi ya kusema "niliambiwa".

Aliyezaliwa mwaka 1945 anatimiza miaka 81 mwaka 2026. Waliovuka mpaka mwaka 1980 wakiwa na akili timamu ya kukumbuka njia ni wazee sasa, na kila msimu Midia huzika baadhi yao. Sheria imewapa wajukuu miaka 100 ya kurejea nyuma. Wazee hawana muda mrefu hivyo wa kungojea.